Mng'aro na Pumzi

Mtu akienda kununua gari, kitu cha kwanza anachokitazama ni rangi. Injini itafunguliwa baadaye, na matairi yatapigwa teke baadaye. Jicho hutangulia kwenye mng'aro. Husimama ubavuni, huinama kidogo, na akiuona uso wake mlangoni kama auonavyo katika kioo, moyo wake umekwisha kununuliwa nusu. Jambo hili halikuanza leo. Historia ya mng'aro ni ndefu kuliko historia ya gari, na mimi nimeifuatilia kwa miaka mingi kwa sababu iliyo karibu na nyumba yangu, ambayo nitaieleza mahali pake. Kwanza namwomba msomaji anifuate polepole, maana upole na haraka ndiyo mambo mawili yanayoshindana katika kisa hiki chote.

Tuanze na swali la darasani. Nilipokuwa mwalimu nilipenda kuwauliza wanafunzi: kwa nini ubao haung'ai, ilhali kioo cha dirisha kinang'aa? Wengi walijibu kwamba ubao ni mweusi. Lakini kiatu cheusi kilichopigwa kiwi kinang'aa sana! Sababu hasa ni kwamba uso wa ubao umejaa vishimo na vilima vidogo mno. Mwanga ukiupiga hutawanyika kila upande, ndiyo maana hata mtoto aliyekaa pembeni anaweza kusoma. Uso laini kabisa huurudisha mwanga kwa utaratibu, wote upande mmoja, nasi tunaona taswira. Kwa hiyo mng'aro hautoki kwenye kopo la rangi peke yake. Mng'aro ni ulaini, na ulaini hauna huruma: chembe moja ya vumbi, unywele mmoja, tone moja la maji, huonekana hatua kumi. Anayetaka mng'aro usio na dosari hana budi kwanza kuitengeneza hewa ya mahali anapofanyia kazi. Naomba neno hilo, hewa, liwekwe akilini.

Watu wa kwanza waliofikia ukamilifu katika kazi hii walikuwa mafundi wa Uchina na Japani, maelfu ya miaka iliyopita. Waligema utomvu wa mti fulani wa kwao, wakaupaka juu ya mbao kwa tabaka nyembamba sana. Utomvu huo una ajabu yake: hukauka vizuri penye unyevu, kwa hiyo vyombo viliwekwa ndani ya kabati lenye hewa ya majimaji. Tabaka likisha kuwa gumu lilisuguliwa kwa mkaa laini, kisha likapakwa jingine, na jingine tena. Sanduku dogo liliweza kuchukua miezi mingi. Lakini utomvu ule ukiwa mbichi huwasha ngozi vibaya, na mwanagenzi aliyeanza kazi hiyo alivimba mikono na uso. Hata katika zama zile za subira, mng'aro ulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ililipwa na ngozi ya fundi.

Vyombo hivyo vilipofika Ulaya kwa wingi katika karne ya 17, watu walivishangaa wakataka kuviiga. Mti wenyewe hawakuwa nao, wakatumia vanishi za gundi za miti mingine. Mwaka 1688 Waingereza wawili, John Stalker na George Parker, walichapisha kitabu kizima cha kufundisha ufundi huo. Baadaye ujuzi ulihamia kwa watengenezaji wa magari ya farasi. Hao walipaka rangi za mafuta ya kitani, wakasugua kila tabaka kwa unga wa jiwe la povu na maji, wakamalizia kwa vanishi. Chumba cha vanishi kilifungwa, na sakafu ilimwagiwa maji ili vumbi lisiamke. Gari moja lilichukua wiki kadhaa. Nayo gharama ilikuwa imebadilika: rangi nyeupe ya siku zile ilikuwa na madini ya risasi, na mpakaji rangi aliyefanya kazi miaka mingi alipatwa na misokoto ya tumbo, na viganja vikalegea vikashindwa kushika brashi.

Ndipo ikaja haraka. Mwaka 1913 Henry Ford alianzisha katika kiwanda chake msururu unaotembea, na muda wa kuunganisha gari moja ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi karibu saa moja na nusu. Hebu fikiria: gari linaunganishwa kabla ya chakula cha mchana, lakini rangi ya mtindo wa zamani inataka wiki kadhaa ikauke! Kuanzia mwaka 1914 hadi 1925 gari lake aina ya Model T lilitoka na rangi moja tu, nyeusi. Waliotaka rangi nyingine kwa makampuni mengine waliendelea kusubiri, na mabohari yalijaa magari yanayongoja kukauka.

Vitu viwili vilikutana vikaliondoa tatizo hilo. Cha kwanza ni bomba la kupulizia rangi. Kupuliza rangi kwa hewa iliyoshindiliwa kulikuwa kumekwisha kujaribiwa. Katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893, Francis Millet, aliyesimamia upakaji rangi, aliyapaka majengo makubwa rangi nyeupe kwa njia hiyo kwa sababu brashi zisingewahi siku ya ufunguzi. Lakini bomba la mkononi tunalolijua lina asili nyingine kabisa. Mwaka 1888, huko Toledo katika jimbo la Ohio, daktari wa koo aitwaye Allen DeVilbiss alianza kutengeneza kifaa kidogo cha kupulizia dawa kooni mwa wagonjwa. Mwanawe, Thomas, alikikuza kifaa cha baba yake, na mwaka 1907 akakifanya kipulize rangi.

Kisa hiki nimekitafakari mara nyingi. Chombo kilichobuniwa ili dawa ifike kooni mwa mgonjwa kiligeuka kuwa chombo cha kufikisha sumu kifuani mwa mtu mzima wa afya. Kazi yake haikubadilika hata kidogo: kuvunja kimiminika kuwa matone madogo yanayoweza kuvutwa pamoja na pumzi. Kilichobadilika ni kile kilichotiwa kikombeni.

Kitu cha pili ni rangi yenyewe. Pamba ikitiwa katika tindikali za namna fulani hugeuka kuwa baruti isiyotoa moshi. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha mwaka 1918, viwanda vya Marekani vilibaki na uwezo mkubwa wa kutengeneza kitu hicho na havikuwa na mahali pa kukipeleka. Kampuni ya DuPont ilikiyeyusha ikapata rangi iliyoitwa Duco, na mwaka 1923 magari ya Oakland, ya kampuni ya General Motors, yalitolewa yakiwa yamepakwa rangi hiyo ya buluu. Kazi ya wiki sasa ikawa ya saa. Lakini rangi hiyo ilikauka upesi mno hata brashi haikuweza kuitandaza vizuri, ilikubali kupulizwa. Basi bomba la daktari na baruti ya vita vikafunga ndoa, na ndoa hiyo ndiyo iliyozaa gereji ya rangi kama tuijuavyo.

Sasa ndugu msomaji ajiulize: rangi ikikauka kwa dakika chache, kile kilichoifanya iwe majimaji kimekwenda wapi? Jibu ni kwamba kimekwenda hewani, na aliye karibu zaidi na hewa hiyo ni fundi. Hatari ilitoka mkononi ikaingia kifuani. Wala haiwezi kusemwa kwamba wakubwa hawakujua. Mwaka 1921, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu risasi nyeupe katika rangi. Mkataba huo ulitaka pia hatua zichukuliwe, kila iwezekanapo, kuzuia hatari inayotokana na rangi ya kupulizwa. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu jambo hilo liandikwe.

Haraka haikukoma hapo. Mwaka 1937, katika mji wa Leverkusen, Mjerumani Otto Bayer na wenzake waligundua namna ya kutengeneza poliyurethani kwa kuunganisha kemikali mbili. Miaka mingi baadaye elimu hiyo iliingia katika rangi za magari. Hizi ni zile za makopo mawili: rangi katika kopo moja, na katika kopo jingine kile mafundi wanachokiita hadena. Vikichanganywa, rangi hukauka ikawa ngumu kama ukucha na kung'aa papo hapo bila kusuguliwa. Mafundi waliipokea kwa shangwe, nao walikuwa na haki, kwani haijapata kuonekana rangi nzuri kama hiyo.

Lakini ndani ya hadena hiyo mna kemikali ziitwazo isosayaneti. Hizi hazitoi harufu ya kumwonya mtu katika kiasi kinachoweza kumdhuru. Mtu anaweza kuzivuta miezi, pengine miaka, bila kusikia lolote. Siku moja mwili unazikataa. Tangu siku hiyo kiasi kidogo sana kinatosha kumbana kifua, naye hawezi tena kurudia kazi ile. Isosayaneti zimo miongoni mwa sababu kubwa za pumu inayoletwa na kazi. Na mwaka 1989, wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza saratani uliiweka kazi ya kupaka rangi katika orodha ya mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu.

Hapa ndipo mahali pa kueleza sababu yangu. Mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa fundi rangi mjini Dar es Salaam. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, yeye akaenda gereji, na kwa miaka mingi kipato chake kilizidi mshahara wangu. Mkono wake ulikuwa na kipaji. Akiliweka gari juani, ungedhani limemwagiwa maji. Alijifunga kitambaa puani, na kila jioni tajiri wa gereji aliwapa mafundi maziwa, nusu lita kila mtu, ati yasafishe kifua. Wote waliamini hivyo, na hadi leo wapo wanaoamini. Lakini maziwa hupita njia ya chakula yakaenda tumboni. Njia ya pumzi ni nyingine. Ukungu wa rangi uko kwenye mapafu, na maziwa hayafiki huko kamwe. Ni lishe njema, lakini si kinga, na ubaya wake ni kwamba yalimpa fundi moyo wa kurudi kesho bila barakoa.

Kikohozi chake kilianza miaka ya 1990. Alipokuja likizo kijijini alipona. Wiki moja baada ya kurudi kazini kikamrudia. Mama yetu alisema ni hewa mbaya ya mjini. Baadaye daktari mmoja kijana alimwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: siku usizofanya kazi unajisikiaje? Swali hilo moja lilifungua mlango wote. Alikuwa na miaka 41 alipoacha kazi. Yupo hai, namshukuru Mungu, lakini hawezi kupanda kilima cha nyumbani kwetu bila kupumzika mara tatu, na nyumba inayopakwa rangi huipitia mbali.

Haifai kuishia kwenye huzuni, maana historia haikuishia hapo. Upande wa pili nao ulifanya kazi. Bomba la zamani lilitumia hewa ya nguvu kubwa, na rangi nyingi iligonga bodi ikarudi kuwa ukungu. Pengine theluthi moja tu ndiyo iliyoshika. Miaka ya 1980 yakaja mabomba yanayotoa hewa nyingi kwa nguvu ndogo, na sheria za California zikadai kwamba si chini ya asilimia 65 ya rangi ishike inapolengwa. Jambo hilo lilipunguza sumu hewani na pia lilimpunguzia tajiri gharama ya rangi. Ulaya iliweka kikomo cha viyeyushi katika rangi za kumalizia magari, gramu 420 kwa lita, kuanzia mwaka 2007. Na tangu Agosti 2023 haruhusiwi mtu huko kutumia kikazi hadena zenye isosayaneti zaidi ya asilimia 0.1 kabla ya kupata mafunzo. Nasi tunazo sheria za usalama na afya kazini, Tanzania ya mwaka 2003 na Kenya ya mwaka 2007. Sheria ipo, linalobaki ni kuifikisha chini ya mwembe, ambako gari linapulizwa.

Mtoto wa mdogo wangu ameamua kushika kazi ya baba yake. Familia ilinitaka nimkataze. Sikumkataza, bali nilimwambia tukae sisi watatu, baba yake akiwa mwalimu na mimi karani. Niliyoyaandika siku zile nayaweka hapa, huenda yakamfaa na mtoto wa mwingine.

Kwanza, kazi ni ya msasa kabla ya kuwa ya rangi. Puti isuguliwe kwa msasa mkavu wa kukwangua, na praima isuguliwe kwa maji hadi namba 600 au 800, kwa sababu rangi haifichi mkwaruzo, huuonyesha. Rangi ya zamani isikwanguliwe kwa msasa mkavu bila barakoa, huenda ina risasi. Uso ufutwe mafuta yote. Nta au silikoni kidogo tu hutoboa rangi ikawa na vijishimo kama macho ya samaki.

Pili, hewa. Tangi la kompresa limwagwe maji kila asubuhi, na kuwe na chujio kabla ya bomba. Sakafu imwagiwe maji, kama walivyofanya mafundi wa magari ya farasi. Feni ivute ukungu nje, nayo iwe ya aina isiyotoa cheche, maana mvuke wa thina hushuka chini, hutambaa, na ukikuta jiko au sigara hulipuka. Siku ya mvua za masika pwani, rangi inayokauka kwa thina isipulizwe: thina ikiruka huupoza uso wa bodi, unyevu wa hewa hugeuka maji juu yake, na mng'aro huingia ukungu mweupe.

Tatu, kifua. Kitambaa na barakoa ya karatasi huzuia vumbi, si mvuke. Kwa rangi ya kawaida ivaliwe barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, ikae sawasawa kwenye ngozi isiyo na ndevu. Kwa rangi ya hadena hiyo nayo haitoshi. Fundi apate hewa safi kwa mpira kutoka chanzo kilichochujwa kwa ajili ya kupumua, na macho na mikono vifunikwe. Asiyeweza kupata hayo asiitumie rangi ya hadena, atumie ya kopo moja na ailipie kwa jasho la kuisugua. Wala asivue barakoa upesi kwenda kulitazama gari, jambo ambalo kila fundi hulitamani. Ukungu usioonekana unabaki hewani baada ya ule unaoonekana kwisha.

Nne, mkono. Bomba likae mbali na bodi kiasi cha sentimita 15 hadi 20, mkono uende sambamba wala usizunguke kama ufagio, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Tabaka la kwanza liwe jepesi, lingojewe. Kisha mawili yaliyolowa vizuri. Ukiwa mbali mno rangi hufika imekauka, uso ukawa kama ganda la chungwa. Ukiwa karibu mno hutiririka machozi. Ikisha kukauka kabisa, isuguliwe kwa maji na msasa namba 1500, kisha 2000, kisha ing'arishwe. Isuguliwe kwa adabu, kwani tabaka lote la juu halizidi sana sehemu 5 katika 100 za milimita moja.

Tulipomaliza kuandika, kijana alisoma orodha yote mara mbili, akasema: “Baba mkubwa, mbona mambo ya kung'arisha na mambo ya kujikinga ni yale yale?” Alikuwa ameliona mwenyewe, nami nilifurahi kama mwalimu. Hewa isiyo na vumbi hulipa gari mng'aro na hulipa pafu uhai. Bomba lisilotapanya rangi hupunguza gharama na hupunguza ukungu. Subira kati ya tabaka na tabaka huzuia machozi ya rangi na huipa feni nafasi ya kusafisha chumba. Anayeharakisha huviharibu vyote viwili.

Tatizo lake sasa ni wateja. Yeye huomba siku tano kwa kazi ya gari zima, na jirani yake huahidi mbili. Mara mbili mwaka huu mteja amechukua funguo zake akaenda kwa jirani. Kijana aliniuliza apunguze siku au apunguze bei. Nilimwambia apunguze bei kidogo akitaka, lakini siku asiziguse. Nami nitaongea na watu ninaowajua wenye magari. Ndiyo kazi ninayoifanya katika kurasa hizi. Wewe msomaji ukipeleka gari lako kupakwa rangi, usimwulize fundi kama litakuwa tayari kesho. Mwulize anahitaji siku ngapi, kisha mwongeze moja.